Jana Muhumusa aliitwa mchawi, leo msichana wa Kivu anaitwa bibi ya waasi

Kila mwezi wa tatu, siku ya wanawake ikifika, majina ya wanawake wapiganaji wa Afrika yanarudi midomoni mwa watu: malkia Nzinga wa Ndongo na Matamba, aliyepigana na Wareno, wanawake askari wa Dahomey, Mekatilili wa Menza, aliyewaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Wote hao ni wa mbali. Jirani yao wa karibu na Goma, Muhumusa, anasahauliwa.

Muhumusa alijulikana kama mjane wa mwami Rwabugiri wa Rwanda, na kama sauti ya Nyabingi, roho iliyoheshimiwa kuanzia Rwanda na Ndorwa mpaka upande wa Rutshuru. Wajerumani walimfunga Bukoba. Alipotoka mwaka 1911, alikusanya watu na kutangaza kwamba atawafukuza wazungu. Mwezi wa tisa mwaka huo Waingereza walimshambulia Kigezi. Wafuasi wake wengi waliuawa, yeye akapigwa risasi mguuni na kukamatwa. Walimshikilia Kampala mpaka alipofariki mwaka 1945.

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ya Uganda ilitoa sheria ya uchawi, ikaitumia kuwaadhibu watu wa Nyabingi. Hapo ndipo penye somo. Mwanaume akishika silaha, adui yake anamwita mpiganaji. Mwanamke akifanya vile vile, anatafutiwa jina lingine, na jina hilo linamfutia sehemu yake katika historia.

Tabia hiyo haikuisha na ukoloni. Katika Kivu, wasichana wengi wamepita katika vikundi vya silaha. Wengine walitekwa njiani au shambani, wengine waliingia wenyewe kwa sababu ya njaa au kutafuta ulinzi. Walibeba risasi, walipika, walipigana, walifanywa wake za makamanda. Wanaporudi, kijana wa kiume anaulizwa alipigana wapi. Msichana anaulizwa alilala na nani.

Shirika la Child Soldiers International lilihoji wasichana wa namna hiyo mashariki mwa Kongo mwaka 2016. Taarifa yake ilionyesha kwamba kati ya watoto waliotolewa vikundini kwa msaada wa MONUSCO tangu 2009, wasichana walikuwa karibu 7% tu, ingawa vikundini walikuwa wengi zaidi. Kuna wanaobaki porini kwa kuogopa kudharauliwa nyumbani. Tena, mara nyingi mipango ya kupokonya silaha ilitaka mtu alete bunduki. Aliyebeba sufuria ya kikosi kizima ataleta nini?

Wako watakaosema kwamba kuwaita wapiganaji ni kusifu vita. Hofu hiyo ina msingi, na Mugunga inaielewa kuliko mahali pengi. Mwezi wa tano 2024 mabomu yalianguka juu ya makambi ya watu waliokimbia vita, Mugunga na Lac Vert, yakaua akina mama na watoto. Hakuna mama wa hapa anayehitaji kuimbiwa uzuri wa bunduki, na asiwepo atakayetumia jina la Muhumusa kupeleka binti wa mwingine porini.

Lakini kutambua si kusifu. Kumtambua msichana ni kuandika jina lake kwenye orodha hata kama hana bunduki, kumrudisha darasani au kumfundisha kazi, kumtibu, na kumpokea mtoto wake bila kumwita mtoto wa waasi. Serikali na mashirika wana sehemu yao. Kuna sehemu isiyohitaji franka hata moja: kanisani, sokoni, kwenye bomba la maji, watu waache kumnyooshea kidole.

Muhumusa alikufa kifungoni, mbali na milima yake. Msichana aliyerudi Mugunga yuko hai, na bado anaweza kuitwa kwa jina lake.