Diski Zifapo Mfululizo, Chanzo Kisitafutwe kwa Ramli

Kompyuta ya nyumbani imekuwa ghala. Humo mwalimu huweka mitihani na alama za wanafunzi wake, mwanafunzi huweka insha na ripoti za majaribio, na jamaa nzima huweka picha za arusi na za wazee waliokwisha kufariki. Aghalabu ghala hiyo yote imo katika kifaa kimoja tu, yaani diski kuu, ambayo kwa ukubwa haizidi kitabu cha mfukoni. Diski hiyo ikifa mara moja, ni msiba. Ikinunuliwa nyingine nayo ikafa, kisha ya tatu ikazifuata zile mbili, hapo pana swali linalodai jibu. La kusikitisha ni kwamba swali hilo mara nyingi haliulizwi. Diski ya nne hununuliwa, fundi hulipwa, na watu wa nyumbani husema, "Ni umeme," au "Ni kirusi," au "Diski za siku hizi hazidumu." Huenda kauli hizo zikawa za kweli, lakini zikisemwa bila kipimo chochote, hazina tofauti na ramli.

Yafaa isemwe waziwazi kwamba mtu anayebadilisha diski bila kutafuta chanzo cha vifo vya zile zilizotangulia anapoteza fedha, na pia anapoteza nafasi ya kutumia elimu aliyofundishwa shuleni. Kompyuta inayoua diski ni somo la fizikia, la hesabu na la mantiki lililowekwa juu ya meza bila gharama ya maabara.

Namna diski inavyofanya kazi

Diski kuu ya kwanza iliuzwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, nayo iliweza kuhifadhi herufi zipatazo milioni 5 tu. Diski za nyumbani za leo huhifadhi maelfu kwa maelfu ya kiasi hicho, lakini kanuni ni ileile: sahani yenye utando wa sumaku huzunguka, na kichwa kidogo husoma na kuandika juu yake bila kuigusa.

Katika diski nyingi za kompyuta za mezani sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mwanafunzi akikadiria kipenyo cha sahani kuwa milimita 95, ataona kwamba ukingo wake hukimbia kwa mwendo wa karibu mita 36 kwa sekunde, au zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Kichwa nacho huelea juu ya sahani hiyo kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Ni wazi basi kwamba kifaa cha namna hiyo hakivumilii kishindo, vumbi, joto lililozidi wala umeme usiotulia. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka zimeepukana na hatari ya kishindo, lakini hazikuepukana na umeme mbaya wala joto.

Hesabu ya bahati mbaya

Wapo wanaosema kwamba diski tatu kufa mfululizo ni bahati mbaya tu. Hesabu inaweza kupima kauli hiyo. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa diski zipatazo 100,000. Watengenezaji walikuwa wakiahidi kiwango cha kuharibika kisichofika 1 katika 100 kwa mwaka. Watafiti hao walikuta kwamba mara nyingi diski 2 hadi 4 katika kila 100 hubadilishwa kila mwaka, na mahali pengine hata zaidi.

Ichukuliwe basi kwamba diski moja kati ya kila diski 33, yaani takriban 3 katika 100, hufa kabla ya kutimiza mwaka. Kama vifo hivyo havihusiani, uwezekano wa diski mbili zinazofuatana kufa hivyo ni 9 katika 10,000, na wa diski tatu ni 27 katika 1,000,000. Ni kweli kwamba palipo na kompyuta milioni moja, watu wapatao 27 watafikwa na mkasa huo bila ya kuwapo chanzo kingine chochote. Kwa hiyo hesabu haithibitishi kwamba kompyuta ina kasoro. Hata hivyo inaonyesha kwamba ni busara kuishuku kasoro kabla ya kuilaumu bahati. Kisanduku cha umeme kilichoharibika hakiui diski moja katika 33; chaweza kuua kila diski inayounganishwa nacho. Vilevile diski tatu zilizonunuliwa pamoja kutoka katika shehena moja zaweza kuwa na kasoro moja, na hapo dhana ya kwamba vifo havihusiani huanguka.

Mpangilio wa uchunguzi

Kanuni ya kwanza ni kuokoa mali kabla ya kutafuta mwizi. Kila kinachoweza kunakiliwa kinakiliwe kwanza kwenye diski nyingine, kwa sababu majaribio marefu huweza kuimaliza diski iliyo mahututi.

Kanuni ya pili ni kuuliza kama diski imekufa kweli. Ikihamishiwa katika kompyuta nyingine, kwa kebo nyingine, nayo ikafanya kazi vema, basi haikuwa na hatia. Kebo iliyolegea, tundu lililochakaa au kumbukumbu ya muda yenye kasoro huweza kuharibu mafaili hata mtu akadhani kwamba ni diski iliyoharibika. Diski ngapi zimetupwa jalalani kwa kosa la kebo ya bei ndogo!

Kanuni ya tatu ni kusoma daftari la afya ambalo diski hujiandikia yenyewe, lijulikanalo kwa jina la SMART. Zipo programu za bure za kulifungua. Idadi ya sehemu za sahani zilizoachwa kwa ubovu ikipanda, ugonjwa umo ndani ya diski. Idadi ya makosa ya mawasiliano ikipanda huku sahani zikiwa salama, kebo ichunguzwe. Daftari hilo huonyesha pia joto, na idadi ya saa ambazo diski imefanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760. Basi diski iliyouzwa kwa jina la mpya ikionyesha saa 30,000, imekwisha kutumika kwa zaidi ya miaka 3, na kifo chake cha mapema si fumbo tena. Ifahamike tu kwamba wauzaji wadanganyifu huweza kuifuta hesabu hiyo.

Kanuni ya nne ni kupima umeme badala ya kuusingizia. Ndani ya kompyuta ya mezani diski hupokea umeme wa volti 12 na wa volti 5 kutoka kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kawaida inaruhusu tofauti ya asilimia 5 tu: yaani volti 11.4 hadi 12.6 kwa umeme wa kwanza, na volti 4.75 hadi 5.25 kwa wa pili. Kipimo kichukuliwe kompyuta ikiwa kazini, kwani kisanduku dhaifu huonekana kizima kisipobebeshwa mzigo. Kwa kuwa mita ya kawaida haioni mabadiliko ya ghafla, njia ya hakika zaidi ni kuweka kwa muda kisanduku kingine kinachojulikana kuwa kizima. Mwanafunzi asikifungue kamwe kisanduku hicho. Umeme wa nyumbani wa volti 230 hufikia kilele cha volti 325 hivi, na kapasita zilizomo huweza kushika chaji ya kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Kanuni ya tano ni kutazama mazingira. Je, feni inazunguka? Je, matundu ya hewa yamezibwa na vumbi? Je, kompyuta imewekwa juu ya meza inayotikisika, au kando ya spika kubwa? Mtikisiko si jambo la kudharauliwa. Mwezi Septemba mwaka 2016, mjini Bucharest, Romania, benki ya ING ilifanya jaribio la mtambo wa kuzima moto kwa gesi. Moto haukuwapo, wala maji hayakumwagika. Lakini sauti kali ya gesi ilipotoka iliharibu diski nyingi, na huduma za kadi za benki zikasimama kwa saa kadhaa.

Kanuni ya sita, ambayo ndiyo mama wa zote, ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kuandika. Fundi anayebadilisha kwa pamoja kebo, kisanduku cha umeme na diski huenda akaiponya kompyuta, lakini hatajua dawa ilikuwa ipi, wala hataweza kumsaidia jirani mwenye shida ileile. Daftari lenye tarehe, joto, siku umeme ulipokatika na kile kilichobadilishwa lina thamani kuliko maoni ya mafundi kumi.

Imani zisizo na msingi

Imani mbili zastahili kupingwa. Ya kwanza ni ile ya kuiweka diski mgonjwa ndani ya jokofu ili ifufuke. Kitu baridi kikitolewa katika hewa yenye unyevu hutoka jasho, kama ionekanavyo kwenye chupa ya maji baridi. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina unyevu mwingi, matone hayo ni adui wa sahani na wa saketi zake. Anayefanya hivyo huzidi kuyahatarisha yale anayotaka kuyaokoa.

Imani ya pili ni kwamba kila umeme unapokatika, kichwa huanguka juu ya sahani na kuikwaruza. Watengenezaji walikwisha kuifikiria hatari hiyo. Umeme ukikatika, sahani huendelea kuzunguka kwa nguvu ya mwendo wake, na mota hugeuka kuwa jenereta ndogo kwa kanuni ileile ya Faraday wanayoisoma wanafunzi. Umeme huo mdogo hutosha kukirudisha kichwa mahali pake pa usalama. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kupotea kwa maandishi yaliyokuwa njiani kuandikwa, na ule mshtuko wa volti umeme unaporudi. Kwa hiyo kusema "ni umeme" hakutoshi. Ni lazima isemwe ni umeme upi, saa ngapi, na kwa njia gani.

Hoja ya wapinzani

Wapinzani wa hoja hii watasema kwamba uchunguzi hula muda, na kwamba muda wa fundi ni fedha. Ni kweli. Lakini wateja ndio waliowazoeza mafundi kulipwa kwa kubadilisha vitu na kutolipwa kwa kufikiri. Ni haki fundi anayetumia saa mbili kupima na kuthibitisha kwamba kasoro iko katika kebo alipwe kwa elimu yake, si kwa bei ya kebo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na bei ya ukuta huu ni diski moja kila baada ya miezi michache.

Watasema pia kwamba pengine uchunguzi hautaona kitu. Hilo nalo ni kweli. Mwaka huohuo wa 2007 watafiti wa kampuni ya Google walitangaza uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo kwa zile dalili nne zilizo kuu katika daftari la afya. Walikuta vilevile kwamba joto halikuwa na uzito mkubwa kama ilivyodhaniwa. Hilo ni funzo kubwa: hata imani ya wataalamu hubadilika ipimwapo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ipo mvua inyeshayo bila mawingu kuonekana. Kwa sababu hiyo uchunguzi haupunguzi hata kidogo wajibu wa kuweka nakala za akiba. Kazi isiyoweza kufanywa upya iwe na nakala tatu, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba, mahali ambapo mwizi, moto na radi haviwezi kuzifikia zote kwa pamoja.

Wajibu wa shule

Katika shule za sekondari wanafunzi hukariri hatua za njia ya kisayansi: kuona tatizo, kubuni dhana, kujaribu, kuandika matokeo na kutoa hitimisho. Wengi huziandika bila kosa katika mtihani, kisha hutoka nje na kusema kompyuta imeharibiwa na kirusi. Walimu wa fizikia na wa kompyuta wanaweza kuuziba mwanya huo kwa urahisi. Diski iliyokufa isitupwe. Iletwe darasani, ifunguliwe, wanafunzi waone sahani, kichwa na sumaku zake. Kompyuta mbovu isifichwe stoo. Iwekwe mbele ya darasa pamoja na daftari tupu na swali moja: ni ushahidi gani utakaotofautisha dhana hii na ile?

Mwanafunzi atakayejifunza kuuliza hivyo juu ya diski atauliza hivyo pia juu ya pampu ya kisima isiyotoa maji, juu ya shamba lisilozaa na juu ya tangazo la dawa inayodaiwa kuponya kila ugonjwa. Nchi inayonunua mashine nyingi kutoka ng'ambo haiwezi kuridhika na kujua bei zake tu. Yaipasa kuwa na vijana ambao, mashine ikinyamaza, huchukua mita, kebo ya pili na kalamu kabla ya kuchukua pochi.