Jeshi Likivuka Mpaka, Wajibu Huvuka Nalo

Wengi huamini kwamba serikali inawajibika kulinda haki za watu walio ndani ya mipaka yake tu. Jeshi lake likivuka kwenda kwa jirani, yatakayowapata wenyeji ni shauri la serikali yao. Imani hii si kweli, na watu wa mashariki ya Kongo wameilipia kwa damu.

Juni 1999, Jenerali James Kazini, kamanda wa majeshi ya Uganda nchini Kongo, aliunda mkoa mpya wa Kibali-Ituri na kumteua gavana wake. Afisa wa nchi jirani akiwagawia watu mikoa na watawala! Mwaka uliofuata majeshi ya Uganda na Rwanda yakapigana siku sita mjini Kisangani, na makombora yakaangukia nyumba za raia.

Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba Uganda, kwa kuikalia Ituri kijeshi, ilifungwa huko na mikataba ya haki za binadamu iliyoiridhia. Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 zilikuwa fidia ya madhara yaliyowapata watu: waliouawa, waliobakwa, watoto walioingizwa jeshini, waliofukuzwa makwao.

Wapo wanaodai kwamba wajibu wa namna hii unaingilia uhuru wa mataifa. Uhuru wa nani? Anayeuvunja ni yule anayepeleka askari katika nchi ya mwenzake, si mwathirika anayemshitaki. Tena kifungu cha kwanza cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kinazitaka nchi zizitambue haki hizo bila kutaja mpaka wowote.

Juni 2025, Mahakama ya Afrika mjini Arusha ilitupilia mbali mapingamizi ya Rwanda na kusema ina mamlaka ya kusikiliza shauri la Kongo dhidi yake. Wakati huo kesi ya msingi ilikuwa bado haijaamuliwa, na Rwanda ilizikana tuhuma za Kongo.

Lakini shauri hilo limefunguliwa na serikali. Mjane wa Goma, mashariki ya Kongo, hawezi kwenda Arusha kuishitaki Rwanda mwenyewe, kwa sababu mwaka 2016 nchi hiyo iliondoa tamko linaloruhusu watu binafsi kuishitaki. Uganda haijawahi kulitoa. Tanzania, mwenyeji wa mahakama, iliondoa tamko lake mwaka 2019. Serikali hizi tatu zinapaswa kuufungua mlango huo sasa.