Matengenezo ya Jiko la Mkaa

Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea kutoka Kenya katika miaka ya 1980, husifiwa kwa kula mkaa kidogo. Sifa hiyo hudumu maadamu udongo wake ni mzima. Udongo ndio uzuiao joto lisipotelee ubavuni. Ukibomoka, mkaa huisha upesi na bati huungua.

Kabla ya kumwendea fundi, mwenye nyumba yampasa kulikagua jiko likiwa limepoa. Ufa mwembamba usioachia vipande waweza kuachwa. Udongo ukicheza, huenda ni saruji tu iliyolegea, nayo hujazwa upya kwa gharama ndogo. Ukivunjika penye matundu ya jivu, hauna budi kubadilishwa wote. Bati nalo likiwa limetoboka, ni heri kununua jiko jipya.

Bei ipatanwe kabla ya kazi kuanza: ya udongo mbali, ya ufundi mbali. Udongo mpya ugongwe kwa kidole. Utoao mlio wa wazi ni mzima, utoao mlio mzito huenda una ufa.

Saruji ikiisha kukauka, moto wa kwanza uwe mdogo. Mkaa usizimwe kwa maji ndani ya jiko, kwani udongo wenye moto hupasuka.

Tena, hata jiko lililotengenezwa vema lisiwekwe chumbani kulikofungwa. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Hasara hiyo haina fundi.