Mabua ya Machakos na ng'ombe wetu wa Pwani

Ukame ukituingia, aghalabu marobota ya nyasi ya msaada hufika ng'ombe wameshalala chini. Katika ule wa misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini. Ganze, Kinango na Tana River walionja, na serikali ikabaki kununua waliokonda kupitia shirika la nyama la KMC.

Ndipo nawatazama Machakos. Si kwamba mvua wanayo. Mahindi ya Katumani, yaliyotokana na kituo cha utafiti huko huko kwao, yalitafutwa yakomae upesi kwa sababu mvua yao haina subira. Lakini mkulima wa huko ana ng'ombe wawili watatu zizini na bua ni chakula chao. Hata kwenye kingo za matuta ya fanya juu hupanda majani ya kulishia.

Saileji ni kulivundika bua hilo, kama tuvundikavyo ndizi, ila hapa kinachotakiwa ni uchachu. Bua hukatwa lingali bichi, mara tu mahindi ya kuchoma yavunjwapo. Hukatwakatwa vipande vya sentimita 2 au 3, hunyunyiziwa molasi yenye maji, hushindiliwa shimoni au kwenye mfuko wa nailoni mpaka hewa iishe, kisha hufunikwa. Baada ya mwezi hivi huliwa, na lisipofunuliwa hukaa hata mwaka. Hewa ikipenya huota ukungu, na ukungu humdhuru mnyama. Bua lililokauka kau halivundiki vizuri. Na shamba ambalo mvua imelikatikia kabla ya kuzaa, usingoje likauke ukakosa vyote: likate mapema, ila juu kidogo ya ardhi, maana naitreti hujikusanya sehemu ya chini ya bua lililopigwa na jua, nayo ni sumu.

Hadi hapo ni ufundi, na ufundi hufundishika. Kwetu kuna zito zaidi. Machakos mwenye mahindi ndiye mwenye ng'ombe. Pwani, hasa Tana, mara nyingi ni watu wawili: mkulima akishavuna, mfugaji huingiza kundi likala mabua. Tukimwambia mkulima avundike yote, kundi lile litakwenda wapi? Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa Tana Delta katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na ugomvi wa malisho na maji ulikuwemo. Anayekuja na semina ya saileji bila kulijua hili, bora abaki hotelini.

Kwa hivyo mimi naona saileji huku iwe bidhaa. Mkulima auze mifuko, na mfugaji anunue wakati ng'ombe wake angali na bei, si kiangazi anapomtoa kwa bei ya kuku. Pesa za marobota ya dharura zinunue mashine za kukatia majani, walau moja kwa kila wadi, ziwe shambani kabla ya mavuno ya Julai na Agosti. Na kiasi gani cha mabua kiachwe shambani kwa makundi yapitayo, wazee wa pande zote mbili wakae walipange mvua ingali inanyesha, kabla mtu hajashika panga.