Mshambulizi mkubwa wa Mazembe si Mputu

Kila tukizungumzia mpira kwenye redio, swali linarudi: kati ya washambulizi wote waliovaa jezi nyeusi na nyeupe ya TP Mazembe ya Lubumbashi, nani mkubwa kuliko wote? Vijana wanajibu mbiombio: Trésor Mputu. Mimi pia nampenda Mputu, lakini simuweki wa kwanza, wala wa pili. Najua mutapinga.

Wa kwanza ni Pierre Kalala Mukendi. Siku zile ekipe iliitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Januari 1968, kule Addis Ababa, ni yeye aliyefunga goli la pekee katika fainali ya Kombe la Afrika, Kongo ikaishinda Ghana. Na Ghana ile haikuwa ya mchezo, ilikuwa imebeba kombe hilo 1963 na 1965. Tatizo la Kalala ni kwamba hayumo kwenye simu za vijana. Mpira wake waliuona wazee, na wazee wetu wengi leo wanalala mbali na nyumba zao. Picha na magazeti ya zamani yalibaki kule. Kile wanachokumbuka ndicho tulicho nacho.

Wa pili ni Dioko Kaluyituka, kwa sababu ya usiku wa tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, mbele ya Internacional ya Brazili. Kabangu alikuwa amekwisha kufunga, lakini goli moja mbele ya Wabrazili si kitu cha kulalia usingizi. Dakika ya 85 Kaluyituka akamchezesha beki na miguu yake, akapiga chini. 2-0. Kabla ya hapo hakuna ekipe nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Inter ya Milano ilitupiga 3-0, sawa, lakini tulifika.

Na Mputu alikuwa wapi? Alikuwa kifungoni. Mchezaji bora wa CHAN 2009, kapteni wa ekipe. Mei 2010 kule Kigali alimvamia mwamuzi, FIFA ikamfungia mwaka mzima. Kwa ufundi wa mguu simuoni wa kumshinda. Lakini mechi kubwa kuliko zote za klabu ilichezwa bila yeye, na hasira ilikuwa yake mwenyewe.

Wa tatu ni Mbwana Samatta. Alitoka Simba ya Tanzania 2011, na katika fainali ya 2015 aliifunga USM Alger kwao na kwetu pia. Wengine wananiambia si mtoto wa nchi. Alikaa Lubumbashi zaidi ya miaka minne, akavuja jasho, akaleta kombe. Mutamuita mgeni mpaka lini? Basi mutoeni na Kalaba, Mzambia.

Mputu ni wa nne.

Sasa nyinyi wababa na wamama muliomuona Kalala kwa macho, vijana wako hapo karibu yenu. Muwaambie alipiga kwa mguu gani, alikimbia namna gani, na siku ile ya Ghana mulisikiliza redio ya nani.