Njia ya Wapagazi Haiishii Bagamoyo

Kiangazi kinapokaribia, walimu wengi huanza kupanga safari za kuwapeleka wanafunzi wao wakaione njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikaenda hadi Ujiji. Nia hiyo twaisifu. Lakini aghalabu safari yenyewe haipiti Bagamoyo. Gari huondoka Dar es Salaam asubuhi, hufika baada ya kilometa 70 hivi, watoto huonyeshwa majengo ya kale na kanisa la misheni, na jioni wamekwisha rudi makwao. Wameuona mlango wa nyumba, hawakuingia ndani.

Njia hii ilikuwa na urefu wa kilometa 1,200 hivi. Mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, vikatajwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Miaka mingi imepita, nayo ingali katika orodha hiyo ya awali. Twauliza: tutautakaje ulimwengu uithamini njia ambayo sisi wenyewe hatuvijui vituo vyake vinne vya katikati?

Tena kuna jambo lituudhilo zaidi. Aendaye Kwihara, karibu na Tabora, huonyeshwa tembe alimokaa Livingstone, na huko Ujiji huonyeshwa mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Hatuna ugomvi na mabwana hao. Lakini mizigo hawakuibeba wao. Ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na wengi katika hao walikuwa watu huru waliopatana ujira wao. Kila mmoja alichukua kilo 30 hivi: merikani, ushanga na nyaya za shaba wakati wa kwenda bara, pembe za ndovu wakati wa kuteremka pwani. Hata maiti ya Livingstone mwenyewe ilifikishwa Bagamoyo mwaka 1874 na akina Chuma na Susi na wenzao, kwa miguu.

Katika njia hiyo hiyo walipita watumwa, nalo lisifichwe kamwe. Jina la Bagamoyo hufasiriwa kwa namna mbili: mpagazi akiutua moyo wake baada ya taabu ya njiani, na mtumwa akiuacha moyo wake nyuma. Wageni huipenda zaidi hiyo ya pili. Mwalimu mwema atazieleza zote mbili, na atawaacha watoto waulize.

Huko Ugogo misafara ilitoa hongo kwa watemi ili ipate ruhusa ya kupita na kuteka maji. Ulikuwa ushuru uliopatanwa mchana, mbele ya watu. Jinsi neno hilo lilivyokuja kuharibika ni habari nyingine, tena ya kutia aibu.

Sasa hapana udhuru wa umbali. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imefika Dodoma, na reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, yaendelea hadi Manyoni, jirani ya Kilimatinde, kisha Tabora na Kigoma, ambako Ujiji i karibu sana. Mpwapwa na Mamboya zataka gari, na safari ifanywe baina ya Juni na Oktoba, kabla mvua haijaharibu barabara za vumbi. Shule isiyo na uwezo wa kwenda kote na ichague vituo viwili, kimoja kiwe cha bara.

Nazo halmashauri za wilaya zinazopitiwa na njia hii twazitaka ziwateue wazee wenye kujua habari za wapagazi wa kwao, ziwalipe posho, na majina yao yapelekwe mashuleni kabla ya Juni.