Kwa nini mashamba ya tambarare za Same hayafanani udongo

Mvua kubwa ikinyesha milima ya Upare, maji hushuka kwa kasi hadi Makanya na Hedaru upande wa magharibi, na Maore, Ndungu na Kihurio upande wa mashariki. Mafuriko yakipita, mkulima mmoja hubaki na tope lenye rutuba, na jirani yake hukuta shamba limefukiwa na mchanga. Kwa nini?

Maji yenye kasi hubeba mawe, mchanga na tope kwa pamoja. Yakifika tambarare hupunguza mwendo na kutua mzigo, kizito kwanza. Ndiyo maana tunakuta aina tatu za udongo.

Kichanga hubaki chini ya mlima na kandokando ya korongo. Hakishiki maji, lakini mihogo na karanga huweza kustawi. Mbele yake hutua tifutifu, rahisi kulima na nzuri kwa mahindi, maharage na mboga. Mwisho ni mfinyanzi, kwenye mabonde ambako maji hutuama. Ni mzito na hupasuka ukikauka, ila hushika maji. Huo ndio udongo wa mpunga, zao linalolimwa katika skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, bonde la Mto Mkomazi.

Je, lako ni lipi? Lowesha udongo kidogo, usokote mkononi. Kichanga humomonyoka, tifutifu hukatika ukiukunja, mfinyanzi hukunjika kama pete.

Udongo huu wote ulikuwa wa mtu wa mlimani. Novemba 2009, maporomoko ya udongo wilayani Same yaliua watu wasiopungua 20. Wapo wa tambarare wanaoona kwamba matuta yakichimbwa juu, wao watakosa rutuba. Tunaona hesabu hiyo ina kasoro: mlima ukiachwa wazi, maji huja na nguvu zaidi, na mawe na mchanga hufika mpaka palipokuwa na tifutifu. Matuta, miti na ndiva za kuhifadhi maji humlinda wa juu na wa chini pia.

Basi kabla ya kulipia shamba la kukodi msimu huu, chimba shimo la kufika goti. Ukikuta tabaka nene la mchanga juu ya udongo mweusi, ujue mkondo ulishapita hapo, na unaweza kurudi. Waulize wazee ulipita lini.